Alimwambia Mungu, Shemeji Akasikia

"...na umfunike, Baba, binti yako aliyeikimbia ndoa yake. Umfunike huko alikojificha kwa mdogo wake, nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye nyumba ya geti la bluu..."

Nilifumbua macho.

Kanisa zima lilikuwa limeinamisha vichwa. "Amina, Baba," watu wakaitikia. "Mfunike."

Huyo binti ni dada yangu wa tumbo moja. Hiyo nyumba ya geti la bluu ndiyo ninayopanga. Na aliyeshika kipaza sauti ni mtu pekee duniani niliyekuwa nimemwambia.

Niligeuka taratibu nikatazama nyuma. Sijui kwa nini. Labda mwili huwahi kujua kabla ya akili.

Kati ya vichwa vyote vilivyoinama, kimoja kilikuwa juu. Benchi la mwisho, karibu na mlango. Macho wazi kama yangu.

Shemeji.

Akanitabasamia...

Wapendwa, ninaandika haya nikiwa bado na hasira. Nawaambia mapema ili asitokee mtu kwenye maoni akaniambia nitulie.

Mimi ni mtu wa aibu. Nikigonga kiti, nakiomba radhi. Ninafanya kazi kwenye duka la miwani, napima watu macho, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kile chumba cha kupimia, kwa sababu kina giza na anaingia mtu mmoja tu kwa wakati. Ukitaka ukweli, hata chuoni nilichagua fani hii kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kanisani kwetu kuna utaratibu. Kila msichana hupangiwa mama wa kuomba naye. Mnakutana asubuhi kabla ya kazi, kila mmoja anataja hitaji lake, mnaomba, mnaagana. Linalosemwa pale linabaki pale.

Mimi nilipangiwa mwanamke tunayemwita Mama Mkesha. Jina linajieleza. Hakuna mkesha wa maombi aliowahi kukosa, na sauti yake haihitaji umeme.

Nilijiona nimebahatika.

Dada yangu alipokuja kwangu, taya lake lilikuwa limefungwa waya hospitalini. Mumewe alilivunja kwa sababu alichelewa kumfungulia mlango. Basi. Hiyo ndiyo sababu yote, msitafute nyingine.

Simu yake aliivunja pia. Dada akawa anakunywa supu kwa mrija na kuongea akiwa amebana meno.

"Siku nitakayoweza kufungua mdomo nitaenda polisi," aliniambia. "Sio kabla. Nataka wanisikie vizuri."

"Na mpaka siku hiyo?"

"Mpaka siku hiyo asijue nilipo. Hapa kwako hajawahi kufika."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Moja tu. Shemeji asijue.

Nikaibeba siri ile mpaka ikaninyima usingizi. Asubuhi moja, kwenye kibaraza cha Mama Mkesha, nikaitua. Nikamweleza yote, hadi rangi ya geti, kwa sababu nilitaka aombe akijua anaombea wapi.

"Lakini mama, shemeji asijue."

Akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, mimi ni kaburi."

Kaburi. Kaburi gani lina kipaza sauti?

Turudi kanisani.

Kuna mzee anayelinda mlango wetu, watoto wamempa jina la Komeo. Sheria yake ni kwamba sala ikianza, hakuna anayeingia wala anayetoka. Ukimwambia tumbo linakuuma, atakwambia lisubiri amina.

Nilimwona shemeji akiinuka na kumfuata. Nikaona Komeo akitikisa kichwa. Shemeji akanong'ona kitu, akaonyesha saa yake. Komeo akafumba macho kabisa, akaegemea mlango kwa mgongo, akaendelea kuomba.

Na Mama Mkesha alikuwa ndiyo kwanza amefika kuwaombea wagonjwa. Bado kulikuwa na wasafiri, wajane, wanafunzi na viongozi wa nchi.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoshukuru kwa urefu wa sala zake.

Mimi huwa nakaa mbele, karibu na mlango mdogo wa kwaya. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikatoka kwa kunyata huku nimeinama kama mtu anayelia kwa uchungu wa dhambi zake.

Nje nikakimbia.

Nikiwa nakimbia nikapiga simu polisi. Nikaeleza huku nahema.

"Tumekuelewa, dada," sauti ikanijibu. "Tukipata gari tutakuja."

Mkipata gari...

Nyumbani nilimkuta dada kitandani, anakunja nguo zilizokauka. Hakuniuliza kitu. Aliutazama uso wangu, halafu viatu vilivyokuwa mkononi.

"Amejua," nikasema.

Hakulia. Alivuta begi lake, akaanza kuzipanga nguo ndani.

"Hivyo hivyo. Fanya haraka, tunaenda dukani kwetu, funguo ninazo."

"Siendi dukani," akasema kupitia meno. "Narudi kwake."

"Nini?"

"Akinikuta hapa atakuumiza na wewe. Nikirudi mwenyewe, atanipiga mara moja na yataisha."

Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayechagua basi lenye foleni fupi. Hapo ndipo hasira iliponishika kwelikweli. Sio kwa shemeji tu. Kwa mama yule mwenye kipaza sauti. Kwa wote walioitikia amina bila kujiuliza wanaitikia nini.

Nikalinyakua lile begi nikalitupa juu ya kabati.

"Dada, sijawahi kukuamrisha maishani mwangu. Leo nakuamrisha. Vaa viatu."

Akanishangaa. Akavaa.

Tukapita uchochoro wa nyuma mpaka dukani. Nikamwingiza kwenye chumba changu cha kupimia, kisicho na dirisha, nikamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Juu yake ule ubao wa herufi.

"Usimfungulie mtu."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Anajua ninapofanya kazi. Asiponikuta kule, atakuja moja kwa moja hapa."

Alinishika kiganja cha mkono. Hakuniachia mpaka nilipovuta.

Nilifika getini. Nikafunga kwa ndani. Sikuweza hata kuomba. Mimi, niliyekuwa naomba kila asubuhi kwa mpangilio mzuri, siku ile nilichoweza kusema ni: Mungu, unaona hii? Unaona?

Gari likasimama.

Shemeji akashuka, suti safi, Biblia kubwa mkononi. Mpya. Bado ilikuwa kwenye plastiki yake.

Halafu mlango wa abiria ukafunguliwa.

Mama Mkesha akashuka...

Wapendwa, mpaka dakika ile nilikuwa nimemtetea moyoni. Nilijiambia amepitiwa, Roho amemchukua, ulimi umeteleza. Sasa namwona anashuka kwenye kiti cha mbele cha gari la mtu aliyemvunja dada yangu taya, anakiweka sawa kilemba chake cheupe.

"Bwana asifiwe, mwanangu," akasema.

Sikuitikia.

"Shemeji yangu kipenzi," akasema shemeji. "Fungua basi. Tumekuja kwa amani. Unatuweka nje kama wauza sabuni?"

"Mama," nikamwambia Mama Mkesha, "ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Ulisema kwenye kipaza sauti yeye akiwa amekaa pale."

"Sikumwambia mtu yeyote." Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Nilimwambia Mungu."

"Ulijua yupo kanisani?"

Akakishika tena kilemba chake.

"Mama. Ulijua yupo?"

"Alikuja kwangu wiki nzima akilia," akasema. "Mwanaume mzima, mwanangu, anapiga magoti sebuleni kwangu, anamtafuta mke wake. Nilikuahidi sitamwambia, na sikumwambia. Nikamwalika ibadani tu. Nikasema, nitaomba, na kama Mungu anataka asikie, atasikia."

Hebu someni tena hayo maneno.

Alipanga. Alimwalika, akamkalisha, akafumba macho, akampitishia Mungu siri yangu kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo chini ya nguo takatifu. Na hakuona kama amesema uongo.

Mdomo wangu ukajaa maji ya hasira.

Kwa sababu na mimi nilikuwa na la kwake.

Kule kibarazani hatukuwa tunaweka mahitaji yangu tu. Yeye naye alikuwa na lake. Ana binti. Kanisani wanajua yuko ng'ambo anasoma. Hayuko ng'ambo. Binti yule alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akaja kwa mama yake. Na mama yake, huyu huyu, akambebea begi akamrudisha. Vumilia, tunaomba. Huko alikorudishwa akapigwa mpaka mimba ikatoka. Alipopona akaondoka mwenyewe, na tangu hapo hapokei simu ya mama yake.

Majirani walikuwa wameanza kuchungulia. Fundi magari wa jirani alikuwa ameacha kuosha gari lake, kitambaa mkononi. Wanawake wa nyumba ya pili walikuwa wamesimama kwenye ngazi. Wengine wao tunasali nao.

Ningesema sentensi moja tu. Moja. Mama Mkesha asingeshika tena kipaza sauti maisha yake yote.

Nikafungua mdomo.

Na wapendwa, nataka nieleze hapa kilichonitokea, maana ndicho kilichonifanya niandike. Sikuwaza amri za Mungu. Sikuwaza upendo. Nilimtaka adhalilike, nilimtaka kwa moyo wangu wote. Lakini jina la yule binti lilipofika kwenye ulimi, lilikataa kutoka.

Nilikuwa nimelitaja jina lile asubuhi nyingi mno. Nilimwombea apate usingizi. Nilimwombea apate kazi, apate mtu wa kucheka naye. Nilimwombea hata apokee simu. Sijawahi kumwona, sijui ni mrefu au mfupi, lakini maombi yalikuwa yameshamfanya ndugu yangu bila mimi kujua. Ningewezaje kumtumia kama jiwe la kumpigia mama yake?

Ndivyo sala ilivyonibadilisha. Polepole, kwa nyuma, nikidhani naombea mtu mwingine. Hasira haikuiondoa hata kidogo. Ilikataa tu kunipa silaha ile.

Na hapo hapo nikamwelewa Mama Mkesha. Hakuwa akimrudisha dada yangu. Alikuwa anamrudisha binti yake kwa mara nyingine, aone kama safari hii itafaulu. Dada yangu akirudi na ndoa ikapona, basi yeye hakukosea.

Kuelewa hakukunipoza. Kulinichemsha zaidi.

Nikasogea karibu na geti, nikamwambia kwa sauti ya chini ili asikie yeye peke yake.

"Mama, huyu sio binti yako. Hatarudi ili wewe upate usingizi."

Uso wake ukamomonyoka.

"Mnanong'ona nini?" shemeji akauliza. Tabasamu lilikuwa limeanza kumchoka. "Jamani, tuombe basi. Shemeji, fumba macho, mama atuongoze kwa sala, halafu unifungulie nimchukue mke wangu."

"Sifumbi macho."

"Unakataa maombi? Wewe, mlokole?"

"Niliyotaka kumwambia Mungu juu yako nimeshamwambia. Yaliyobaki ni ya kukwambia wewe."

Sauti yangu ilikuwa ikitetemeka. Nikaiacha itetemeke.

"Ulimvunja dada yangu taya kwa sababu ya mlango. Anakula kwa mrija. Usiku akikohoa anashika mdomo kwa mikono yote miwili kwa maumivu. Hutamwona leo. Hutaingia humu. Na hiyo Biblia yako itoe kwanza kwenye plastiki."

Mtu mmoja kwenye zile ngazi akacheka. Kicheko kifupi tu.

Shemeji akageuka akatazama waliokuwa wakimtazama. Na wapendwa, niliona ile sura ikiondoka. Kama mtu anayevua koti.

Akapitisha mkono kwenye vyuma vya geti, akanikamata shingoni pamoja na kola ya gauni.

"Fungua."

"Hapana."

"Fungua kabla sijakuvunja kama yule mbwa mwenzako."

Nikasikia kitambaa kikichanika. Pumzi ikaniishia. Nikamwona Mama Mkesha akimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, mwachie. Mwanangu, ulilia mbele yangu..."

Alimpiga kofi bila hata kumtazama. Kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Mama wa watu akaenda chini, kilemba kikaanguka.

Akiwa pale chini, kwenye vumbi, Mama Mkesha akavuta pumzi.

Nilishawaambia sauti yake haihitaji umeme.

"Anatuua. Huyu mwanaume anapiga wanawake, tokeni nje muone. Tokeni nje."

Lile neno la mwisho lilipiga kuta za mtaa mzima. Milango ikafunguka ambayo sijawahi kuiona ikifunguka. Fundi magari akatupa kitambaa chake, akaliwasha gari lake, akalisogeza likaziba njia mbele ya gari la shemeji. Akashuka na ufagio. Wanawake wa kwenye ngazi wakateremka.

Shemeji aliniachia. Akajaribu kuongea. Kila alipoanza sentensi, Mama Mkesha, bado akiwa amekaa chini, aliimaliza kwa kupiga kelele upya.

Walimzunguka hadi polisi walipofika. Walikuwa wamepata gari.

Kituoni, dada yangu hakusubiri taya lifunguliwe. Nilikwenda kumchukua dukani, akaingia mwenyewe, akakaa mbele ya yule askari wa kike, akaeleza kila kitu akiwa amebana meno. Askari akawa anainama mbele ili asikie. Pale alipoona askari hajaelewa, dada alirudia neno. Hakuchoka kurudia.

"Kuna mtu aliyemwona akipiga leo?" askari akauliza.

Nilitaka kusema mimi. Kabla sijasema, mtu nyuma yangu akajibu.

"Nipo hapa. Na andika pia kwamba mimi ndiye niliyempeleka."

Alikuwa Mama Mkesha. Kichwa wazi, shavu limevimba.

Askari akamtazama. "Mama, hilo la kumpeleka sio lazima uliseme."

"Najua. Andika."

Baadaye tukakaa kwenye benchi la nje, yeye kona ile, mimi hii. Dada alikuwa ndani akisaini.

"Utanisamehe?" akauliza.

"Sijui."

"Utaniombea?"

"Nitakuombea. Lakini kibarazani kwako sitakuja tena, na jambo langu hutalisikia tena."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakunihubiria. Nilikuwa nimejiandaa kuhubiriwa, nikakosa pa kuitupa hasira yangu.

 Halafu akatoa simu yake, akaitazama, akairudisha. Akaitoa tena.

"Yangu hapokei," akasema. Hakutaja ni nani. Hakuwa na haja.

Nikamtazama lile shavu. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba vidole vyangu vilikuwa vya baridi. Nikafungua simu yangu nikampa.

Akabonyeza namba bila kuisoma popote. Ikaita muda mrefu... Kisha nikasikia sauti ya msichana, nyembamba, ikiuliza ni nani mwenzangu.

Mama Mkesha akafungua mdomo, na yule mwanamke wa sala ndefu kuliko zote kanisani akakosa neno. Midomo ikacheza. Mwishowe akasema:

"Ni mimi. Usikate. Nilikosea, mama yangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Nilitamani kusikia binti anajibu nini. Nilikuwa nimemwombea kwa muda mrefu, nilijiona nina haki.

Nikainuka, nikatembea mpaka upande wa pili wa ua, mahali ambapo maneno yao hayakunifikia.

Wapendwa, sina hekima kubwa ya kuwapa. Nina hasira na somo moja. Ukitaka kujua kama sala zako zinakujenga, usisikilize unavyoomba. Angalia unafanya nini na siri ya mtu uliyemwombea, siku ile unapomchukia. Kama bado unaweza kuinua siri yake ukapiga nayo, basi ulikuwa unapiga kelele tu ukiwa umefumba macho.

Na kama mtu ameficha jambo mikononi mwako, liombee kimya. Mungu ana masikio. Waliokaa benchi la nyuma nao wanayo.

Ya binti yule nimeyaandika kwa ruhusa yake na ya mama yake. Dada yangu yuko ndani hapa anasoma ninavyoandika. Ameniambia, kwa meno, nisilainishe kitu. Sijalainisha.